Kamera na daftari: mwongozo kamili wa kurekodi safari ndefu ya Asia kwa picha na maandishi

Watu wengi wakirudi safari ndefu wanakuwa na picha elfu kadhaa kwenye simu na hawana hata ukurasa mmoja ulioandikwa, au wana daftari limejaa "leo nimechoka sana", "mji mzuri mno", na ukiwauliza huyu mzee kwenye picha ni nani, hapa ni wapi, alikuwa anasema nini, wanabaki kukuna kichwa. Mwongozo huu ni wa anayetaka kubeba vyote viwili, picha na maandishi, kwenye safari ya wiki kadhaa au miezi. Nitatumia njia moja kama mfano toka mwanzo: Istanbul, Tbilisi, Baku, unavuka Bahari ya Kaspi, Khiva, Bukhara na Samarkand (Uzbekistan), Osh (Kyrgyzstan), Kashgar mpaka Xi'an (China), yaani ile Njia ya Hariri ya zamani. Istanbul nimeichagua kwa sababu ndege za moja kwa moja zipo kutoka Dar, Zanzibar, Nairobi. Kama we unaenda Vietnam au Mongolia, badilisha majina tu, kazi ni ileile.

Msimamo wangu niuseme mapema kabisa: kazi yenyewe haifanyiki mchana ukiwa unapiga picha, inafanyika jioni, ile nusu saa umekaa kitandani hosteli, miguu inauma na unatamani ulale. Anayeikwepa hiyo nusu saa atarudi na picha nzuri tu.

Hatua ya 1: Tafuta uzi kabla hujakata tiketi

Asia ni kubwa mno, ukisema unarekodi "safari yangu" utapiga kila kitu na mwisho wa siku hakuna kinachoshikana. Chukua kitu kimoja kidogo, huo ndo uzi wako, ambacho kipo kila utakapopita na kinabadilika kila utakapopita.

Mi nakushauri mkate. Istanbul kuna simit, ule wa pete wenye ufuta, unauzwa kwenye mikokoteni barabarani. Tbilisi mwokaji anainama kichwa na mabega ndani ya tanuri la udongo wanaloita tone, anabandika unga ukutani, unatoka mkate mrefu wenye ncha, shotis puri. Uzbekistan kuna non, ya duara, pale kati imegongwa muhuri wa visindano unaoitwa chekich ili pasiumuke. Kashgar nan ziko za saizi zote zimepangwa nje ya duka toka asubuhi. Ukifika Xi'an ukaagiza yangrou paomo unaletewa mkate mgumu na bakuli tupu, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo ndo wanamwaga supu ya kondoo juu yake. Hapo tayari una mikono ya watu wa nchi nne, na una swali la kumuuliza kila mmoja: unaamka saa ngapi, nani alikufundisha?

Kama mkate haukuvutii chukua madereva, vinyozi, stesheni, chai, viwanja vya mpira vya mtaani. Uzi haukufungi, ukiona kitu kingine kizuri piga, ila siku ile umeamka hujui uanzie wapi uzi ndo unakutoa hosteli.

Hatua ya 2: Vifaa, na kwa nini lenzi inaamua utaandika nini

Simu nzuri inatosha kwa watu wengi, sitaki mtu auze pikipiki anunue kamera. Ukiwa na kamera iwe ndogo na lenzi moja ya milimita 28 au 35, isiyovuta kitu karibu. Zumu ndefu ina shida moja ambayo wapiga picha hawaisemi: inakuweka mbali, na aliye mbali hasikii kitu. Ukiwa na lenzi ya 35 lazima usogee mpaka umsikie mtu anapumua, anakusalimia, anakuuliza umetoka wapi, na hayo ndo maandishi yako ya jioni yameshaanza.

Vingine ni hivi. Betri tatu, kwa sababu kule milimani Kyrgyzstan baridi inazimaliza haraka, zilale nawe ndani ya blanketi. Ukitoka kwenye baridi kali ukaingia nyumba yenye jiko la moto, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kwanza, unyevu ugande kwenye plastiki usigande kwenye lenzi. Powabenki ya 20,000 mAh ni kama Wh 74 (Wh, yaani wati-saa, ni kipimo cha umeme inaobeba), iko chini ya ile Wh 100 ambayo mashirika ya ndege yanaruhusu kwenye begi la mkononi, lakini kwa China angalia chini yake iwe na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, maana toka tarehe 28 Juni 2025 isiyo na alama hiyo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani. Daftari la mfukoni lenye jalada gumu, na penseli, sio kalamu ya wino, wino ukimwagikiwa chai umeondoka na siku yako. Rekoda ya sauti ipo kwenye simu.

Drone mi nasema iache nyumbani, nchi kadhaa za huko ni kesi mpakani. Na kama unapanga kuendelea mpaka India, vile vifaa vya kutuma ujumbe kwa setilaiti usiingie navyo bila kibali, watu wamewekwa ndani kwa hilo.

Hatua ya 3: Kamera na daftari zisome saa moja

Hii inaonekana ndogo lakini ndo gundi ya kazi nzima. Kila picha inabeba saa ndani yake. Daftari likiwa na saa hiyohiyo, hata ukija kuandika baada ya miezi unajua sentensi ipi inaenda na picha ipi.

Sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Ukiandika "saa mbili niliongea na fundi", kamera inasema 08:00 au 20:00 au ulimaanisha 02:00 maana siku hiyo ulikuwa unaongea Kiingereza kutwa nzima na wenzako wa hosteli? Kwenye daftari andika tarakimu nne tu, 0815, 1940, basi. Kwenye maandishi ya mwisho ndo utarudisha saa mbili na robo asubuhi.

Halafu kuna mabadiliko ya saa njiani. Uturuki iko sawasawa na Dar na Nairobi, hapo raha. Georgia na Azerbaijan saa moja mbele, Uzbekistan mbili, Kyrgyzstan tatu, China tano. Simu inajirekebisha yenyewe, kamera haijirekebishi, kwa hiyo kila ukivuka mpaka cha kwanza badilisha saa ya kamera, kisha ipige picha skrini ya simu ikionyesha saa, hiyo ni ushahidi wako zikipishana baadaye. Na Kashgar jiandae kuchanganyikiwa: serikali inatumia saa ya Beijing nchi nzima, lakini watu wengi wa pale wanaishi kwa saa yao iliyo nyuma kwa masaa mawili. Mtu akikwambia tukutane saa fulani muulize ya wapi.

Hatua ya 4: Mchana, kupiga na kuandika kwa zamu

Kwanza mwanga. Sisi tumezoea jua linalodondoka, saa kumi na mbili jioni rangi ya dhahabu, ukigeuka ni usiku. Kule mwezi wa sita mambo ni mengine, Samarkand jua linazama kwenye 20:00 na mwanga laini unakaa muda mrefu, Kashgar kwa saa ya Beijing linazama karibu 22:30. Kwa hiyo ukienda kula saa moja usiku kama nyumbani umekosa mwanga bora wa siku. Lala mchana, saa sita mpaka saa tisa jua linachoma na picha zinatoka ngumu.

Mfano wa kupanga mwanga ni Registan pale Samarkand, madrasa tatu zimezunguka uwanja. Ya Ulugh Beg, iliyojengwa 1417 mpaka 1420, iko upande wa magharibi inatazama mashariki, maana yake inapigwa na jua la asubuhi. Sher-Dor, ya karne ya 17, ile yenye wanyama wa milia kama chui na simba juu ya lango, inaangaliana nayo, kwa hiyo hiyo ni ya jioni. Tilya-Kori iko kaskazini katikati yao. Nenda mara mbili siku moja, usihangaike kuzipata zote kwa mkupuo.

Sasa kwenye tukio lenyewe. Piga mbali, upate mahali. Sogea, mpate mtu na kazi yake. Sogea tena, pata mikono au kifaa. Kisha shusha kamera, hapa ndo wengi wanakosea wanaendelea kubonyeza tu, we shusha, toa daftari, andika mistari mitano papo hapo: jina na umri kama kasema, namba moja, yaani bei, uzito, idadi, umbali, neno alilosema kama alivyolisema, harufu au sauti, na kitu kilichokuwepo ambacho hakikuingia kwenye fremu. Huo wa mwisho ndo muhimu kuliko yote, kwa sababu maandishi kazi yake ni kusema kile ambacho picha haina uwezo nacho.

Nikupe mfano. Bazaar ya Siyob, Samarkand, utaona wauza mkate wanasukuma non kwenye vigari vya kubebea watoto wachanga. Mtu anapiga picha, anaandika "Mama akiuza mkate kwa kutumia kigari cha mtoto". Hiyo ni hasara, picha ilishasema. Andika ambacho hakionekani: kwamba chini ya kile kitambaa mikate bado ina joto, kwamba anayenunua ishirini kwa mkupuo hali peke yake, anapanda treni na anapeleka zawadi kwa sababu kwa Wauzbeki ukitoka Samarkand bila non ni kama hukufika, na kwamba aliupindua mkate ulioangukia uso chini haraka sana kabla hajaendelea kukurudishia chenji, maana huko mkate hauwekwi kifudifudi. Hapo picha na maneno kila mmoja ana kazi yake.

Ukiwa kwenye basi au treni, lenzi isogeze karibu kabisa na kioo ila isiguse, mtetemo utakuharibia, na spidi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde hivi. Kuandika kwenye gari la milimani sahau, rekodi sauti.

Hatua ya 5: Ruhusa

Salimu kwanza, kamera ibaki begani. Uzbekistan na Kashgar salamu ya "Assalamu alaykum" inafungua milango mingi na sisi watu wa pwani hiyo hatufundishwi. Wengi watataka kupiga picha na wewe, hasa ukiwa Mwafrika kwenye mji mdogo, kubali, halafu na wewe omba yako, ni biashara ya haki. Muulize pia kama jina lake litumike. Asia ya Kati picha watumie kwa Telegram, China WeChat, ifungue mapema kwa sababu kuisajili ukiwa tayari uko kule ni kazi. Na ukiahidi kutuma, tuma siku hiyohiyo jioni.

Usivyopiga: askari, vituo vya ukaguzi, mipaka, viwanja vya ndege, madaraja ya reli. Sheria zinabadilika, metro ya Tashkent (treni ya chini ya ardhi) kwa mfano yenye zile stesheni za marumaru na vinara, kupiga picha ilikuwa marufuku mpaka 2018, leo watu wanakwenda makusudi. Ukivuka kutoka Kyrgyzstan kuingia Xinjiang, jimbo la China lenye Kashgar, tegemea simu na kamera kukaguliwa, kwa hiyo uwe na nakala sehemu nyingine na usibebe kitu cha kukutia mashakani. Na upande huo wa Xinjiang jifikirie mara mbili kabla hujaandika jina la mtu aliyekwambia jambo zito, we utaondoka yeye anabaki. Mwandike bila jina wala duka.

Hatua ya 6: Nusu saa ya jioni

Fuata mpangilio huu hata ukiwa hoi. Kwanza hamisha picha. Pili chagua kumi tu, sio hamsini, na uziweke kwenye folda ya siku hiyo, jina lianze na tarehe: 20260614_bukhara, hivyo zinajipanga zenyewe. Tatu andika kapsheni, yaani maelezo mafupi ya picha, ya kila moja kati ya hizo kumi, mistari miwili mitatu, nani, wapi, saa, na kile kisichoonekana. Nne, andika ukurasa mmoja wa tukio moja tu la siku. Usisimulie siku nzima toka ulivyoamka, chagua dakika kumi zilizokuwa na uhai.

Andika ukimlenga mtu mmoja wa nyumbani, shangazi yako Tanga au rafiki yako Kisumu, utajikuta unaeleza vitu kwa vipimo vyake. Hili kwetu sio jipya. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri na Mjerumani mmoja kupita Urusi, Siberia mpaka Asia ya Kati, na simulizi yake ikachapishwa kwa Kiswahili huko Ujerumani mwaka 1901. Kwa hiyo usiogope kwamba Kiswahili hakina maneno ya theluji na nyika, kimeshaenda huko zaidi ya miaka mia iliyopita.

Hatua ya 7: Bakapu

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alinakili maandishi ya makaburi ya wanazuoni wa Bukhara, na akayapoteza alipoporwa baharini upande wa India. Miaka mingi baadaye kule Morocco ikabidi safari zake zote azisimulie kwa kichwa, Ibn Juzayy akiandika, wakamaliza 1355. We una SSD, diski ndogo ya kuhifadhia mafaili.

Nakala tatu: kadi, SSD, na mtandaoni. Memori kadi usizifute mpaka urudi nyumbani, nunua zingine. SSD isikae begi moja na kamera, hii watu wanaipuuza na mwizi anaondoka na vyote. Daftari kila jioni lipige picha kurasa za siku hiyo, sekunde kumi tu. Faili la RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa kama JPEG, la kamera ya megapikseli 24 linaweza kuwa MB 25 mpaka 50, intaneti ya hosteli hailimudu, kwa hiyo pandisha zile kumi ulizochagua kwa JPEG na mengine yasubiri mji mkubwa. China huduma za Google zimefungwa, panga hilo kabla hujaingia.

Hatua ya 8: Siku ambazo hakuna kinachotokea

Zipo nyingi. Meli ya kuvuka Kaspi kutoka bandari ya Alat, kusini ya Baku, ni ya mizigo, haina ratiba ya kueleweka, inaondoka ikijaa, unaweza kukaa siku mbili tatu na madereva wa malori. Mpaka wa nchi kavu wa Azerbaijan nao ulifungwa kwa abiria 2020 na wakawa wanaongeza muda kila mara, kwa hiyo kagua kabla, huenda ukalazimika kuruka kutoka Tbilisi kwenda Baku kwa ndege.

Kwa siku hizi kuna mbinu ya Paul Salopek, mwandishi Mmarekani aliyeanza kutembea kwa miguu kutoka Ethiopia mwezi Januari 2013 akakatiza Asia yote. Kila maili 100, sawa na kilomita 160 hivi, anasimama popote pale alipo, anapiga picha ya ardhi, picha ya anga, na anamuuliza mtu wa kwanza anayemkuta maswali matatu yaleyale: wewe ni nani, unatoka wapi, unaenda wapi. We weka yako, labda kila siku ya tano saa kumi jioni, popote utakapokuwa, hata kama ni maegesho ya malori. Uzuri wake ni kwamba hukuchagua mahali, kwa hiyo hazitoki zile picha ambazo kila mtalii anazo.

Hatua ya 9: Kuunganisha ukirudi

Subiri wiki chache. Kisha zichapishe zile picha teule ndogondogo, saizi ya pasipoti hata stesheneri ya mtaani wanatoa, zimwage sakafuni. Zipange kwa uzi wako, sio kwa tarehe. Chukua kila picha, weka ukurasa wake wa daftari pembeni, jiulize kimoja kati ya hivi viwili kikiondoka kuna kinachopotea? Kama maneno yanarudia picha, kata maneno. Kama picha ipo tu kupendezesha habari, kata picha hata kama ni ya machweo na ulipanda mlima kuipata. Hapo panauma, lakini habari ya maneno 1,500 inabeba picha sita mpaka nane, zikizidi msomaji anaanza kuteremsha tu kwa kidole.

Picha ya kwanza isiwe mnara maarufu, Registan wameiona. Anza na mikono au uso. Acha picha mbili zisimame peke yake bila neno lolote, na acha angalau aya tatu ndefu zisizo na picha, msomaji apumzike macho asikilize. Kapsheni zichukue zilezile za jioni, usizitunge upya, zile za jioni zina bei halisi na majina yenyewe. Rangi usizivute sana kwenye kuediti, buluu ya vigae vya Bukhara inatosha ilivyo.

Hatua ya 10: Kuitoa

Kwa simu, picha wima na aya fupi. Kwa PDF ya kutumiana WhatsApp hakikisha haizidi MB 10, mtu wa bando la siku atakushukuru. Kama una akiba kidogo chapisha kijitabu cha kurasa 32, rangi, nakala hamsini, pale River Road au Kariakoo utapata wa kukufanyia, waombe nakala moja ya majaribio kwanza uone weusi umekaaje kabla hujalipa zote. Nakala mbili weka pembeni uwatumie waliokupa muda wao mwingi njiani, na anwani zao uwe umeziandika kwenye daftari kwa herufi za kwao, Kisirili au Kichina, waandike wenyewe kwa mkono wao, unakata unabandika juu ya bahasha.